Mboga Kwanza: Namna ya Kuamua Chakula cha Jioni Ukiwa Kigoma

Msomaji mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ameniandikia: "Dada, tuko watu sita, hela ya mboga ni ileile kila siku, na kila ikifika saa kumi na moja jioni nasimama jikoni sijui nipike nini. Nisaidie."

Namjibu hapa kwa sababu swali lake ni la nyumba nyingi, na wengi wanaolijibu humpa mtu orodha ya mapishi ya Jumatatu mpaka Jumapili. Orodha ya namna hiyo huvunjika siku ya kwanza unapokosa migebuka, samaki wa ziwa letu, sokoni.

Dada yangu, saa kumi na moja si saa ya kuamua. Chakula cha jioni huamuliwa usiku uliotangulia, na uamuzi huanza na mboga. Ugali, wali au ndizi vitaifuata. Tukianza na "leo tule ugali", tumepanga kitu cha dakika ishirini na kuacha bila mpango kitu cha saa mbili. Maharage makavu hayawezi kusubiri utoke kazini ndipo yaanze kulowana.

Usiku huo jiulize mambo matatu. Ndani kuna nini kitakachoharibika kesho? Kesho mchana nani atakuwepo wa kuangalia moto? Na mwezi ukoje?

Hili la mwezi wageni wanalishangaa, lakini aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika analijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola. Samaki hufuata mwanga, wavu ukawakusanya. Mwezi ukiwa mpevu maji yote yana mwanga, taa ya mtumbwi haivuti kitu, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu mpaka giza lirudi. Siku hizo ukienda kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga utakuta dagaa wabichi ni wachache na bei imepanda. Kwa hiyo hela ya samaki wabichi itumie wakati wa giza. Siku za mbalamwezi panga maharage, sombe (kisamvu), njegere na dagaa wakavu ulionunua mapema. Anayepanga kinyume chake anatumia hela nyingi kwa fungu dogo, halafu analalamika kwamba maisha yamepanda.

Tena ziwa lenyewe hufungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nyumba zilizozoea kula ziwa tu ziliyumba. Nyumba inayojua kupika maharage vizuri haiyumbi, na ndiyo maana nitakaa kwenye maharage kidogo.

Nusu kilo ya maharage inawatosha watu sita, lakini pika kilo nzima. Mkaa wa kuivisha nusu na wa kuivisha kilo haupishani sana. Usiku yachambue, yaoshe, yaloweke kwenye chombo kikubwa chenye maji mengi, kwa maana yatavimba karibu mara mbili. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya yazidi maharage kwa vidole vitatu, washa moto mkali. Yakianza kuchemka yaache yatokote kwa nguvu dakika kumi nzima, hasa mekundu. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na sumu hiyo haiondoki kwa moto mdogo wa kuvizia. Baada ya hapo punguza moto. Yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Ambayo hayakulowekwa yatakula saa mbili na zaidi, na yale yaliyokaa ghalani muda mrefu yanaweza kugoma kabisa, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya msimu gani. Ukiongeza maji yawe ya moto, ya baridi yanakatisha mchemko na kukumalizia mkaa.

Kosa ninaloliona kila mahali ni kutia nyanya mapema. Uchachu wa nyanya, na wa ndimu vilevile, huyafanya yasilainike. Utachochea moto mpaka usiku na bado yatakuwa magumu katikati. Nyanya ziingie harage likishapondeka kati ya vidole viwili. Magadi yanaharakisha kweli, lakini yanaharibu vitamini na kuacha ladha ya sabuni ukizidisha. Aliyeloweka usiku hana haja nayo.

Sasa gawa. Nusu iunge leo. Nusu iache nyeupe, bila kitunguu wala nyanya, maana mboga iliyoungwa huchacha haraka. Kama huna friji, usiku ichemshe tena mpaka itokote, ifunike, asichovye mtu kijiko, asubuhi uichemshe tena. Jioni ya pili ponda sehemu yake kwa mwiko, tia matembele yaliyokatwa na mawese. Hiyo ni mboga nyingine kabisa mbele ya watoto, na umeiandaa kwa dakika ishirini. Isivuke siku hiyo ya pili.

Mawese nayo yanataka adabu. Kwa mboga ya watu sita, vijiko vinne vya chakula vinatosha. Yapashe moto wa wastani mpaka yawe mepesi na kipande cha kitunguu kikitiwa kilie. Ukiyaacha yatoe moshi, wekundu unapauka, na wekundu ule ndio unaompa mtoto vitamini A. Wapo wanaoyachoma makusudi ili yawe kama mafuta ya dukani. Mkoa wenye michikichi kama huu, kuyachoma ni kutupa chakula cha watoto wetu. Nasema hivyo bila kuogopa.

Sombe ni ya siku ambayo kuna mtu nyumbani mchana. Majani yatwangwe vizuri, na ukinunua yaliyotwangwa sokoni hakikisha ni ya siku hiyohiyo. Chemsha kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, saa moja au zaidi. Usifunike: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kutwanga kunaifungua na mvuke unaiondoa. Ukifunika unairudisha ndani. Harufu ya ubichi ikishakwisha, tia kitunguu, mawese, na kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa. Karanga zikoroge kwanza kwenye maji ya baridi, ukizimwaga kavu zinafanya madonge. Kuanzia hapo usiondoke, kwani karanga hushika chini upesi. Koroga kwa moto mdogo dakika kumi na tano. Kiangazi, mchicha ukiadimika, shamba la muhogo bado lina majani, kwa hiyo Julai hadi Septemba sombe iwe ya mara kwa mara.

Samaki wabichi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, shida ni joto. Dagaa wabichi walionunuliwa asubuhi hawafiki jioni bila friji. Ukirudi nao tu, waoshe, tia chumvi na ndimu, wachemshe au wakaange wakauke, kisha jioni unawaunga. Migebuka wana nyama laini. Ukishawapanga kwenye sufuria usiwakoroge, itikise sufuria kwa mishikio, la sivyo utapakua miiba na supu.

Ugali kwa haraka: watu sita, unga kilo moja, maji kama lita mbili. Ukichanganya sembe na unga wa muhogo, sembe ndiyo ianze kama uji itokote dakika tano, muhogo uje mwishoni wakati wa kusonga, kwa sababu unaiva upesi na kushika upesi. Ukiona bado una weupe wa chaki, haujaiva. Mboga ya majimaji kama maharage inapendana na ugali wa muhogo. Dagaa wakavu waliokaangwa wanataka sembe au ndizi za kuchemsha. Wali uupange siku ya mboga yenye mchuzi, na uliobaki usilale mezani mpaka asubuhi: wali uliokaa kwenye joto huwa na vimelea ambavyo sumu yake haiondoki kwa kupasha moto.

Baba mwenye nyumba, hapa nakusemesha wewe. Hela ya mboga inayotolewa saa kumi na mbili jioni hununua mabaki ya soko. Nyanya zimepondeka, mchicha umenyauka, samaki amekaa juani kutwa. Hela ileile ikitolewa asubuhi, au kwa wiki nzima, inanunua sado ya maharage na kopo la dagaa, na bado inabaki ya mboga za majani. Inaniuma kusikia mwanamke akiambiwa hajui kupika wakati hela imemfikia giza likiingia. Mpe mapema, halafu ndipo umuulize alichopika.

Na dada, siku ambayo mpango umevunjika na saa kumi na moja imekukuta mikono mitupu, tegemea dagaa wakavu. Wasikose ndani. Robo kilo kwa watu sita. Wamwage kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, wazungushe, kisha watoe kwa mkono ukiacha mchanga chini. Usiwamwage pamoja na maji kwenye chujio, mchanga utawarudia wote. Rudia mpaka chini pawe safi. Usiwaloweke, watakatika. Wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta dakika tatu, moto mdogo, ili shombo ipungue; wakiungua wanakuwa wachungu na hakuna kiungo kitakachookoa. Pembeni unga vitunguu viwili na nyanya nne kwa mawese mpaka nyanya zipondeke, tia nusu kikombe cha maji na chumvi kidogo, dagaa waingie, funika dakika nane. Ndimu ikamuliwe ukishaepua. Nusu saa na watu wanakula.

Unaponunua, chagua waliokaushwa kwenye vichanja, si juu ya mchanga, wenye rangi ya fedha na wanaovunjika kwa mlio. Wenye rangi ya njano na harufu kali ya mafuta wamekaa sana. Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, wengi sokoni hawajakauka sawasawa, hivyo waanike tena juani siku moja kabla ya kuwafungia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ukifungua ukakuta ukungu, usiwaoshe ukawapika. Tupa wote.