Uliza Tukujibu: Zabibu za Dodoma, maswali ya Tabora na Kigoma

Toleo lililopita tuligusia zabibu za Dodoma kwenye ukurasa wa vyakula vya sikukuu, mistari michache tu, lakini maswali yaliyoingia sio ya mchezo. Ya wanaotaka kujua bei ya chupa nimeyaruka, bei zinabadilika kila duka. Haya mengine twende nayo.

Swali: Kaka habari za kazi. Mi nina shamba Uyui kama eka 2, tumbaku imenichosha sitaki tena kuisikia, na jamaa yangu aliyeko Dodoma ananiambia zabibu ndo mpango mzima, unavuna mara 2 kwa mwaka. Je huku kwetu zitakubali? (Kijana wa Isevya, Tabora)

Jibu: Kukubali zitakubali mdogo wangu, mzabibu sio mti wa kudeka. Kinachokusubiri ni mvua. Dodoma tunaisema kila siku kwa ukame wake lakini ule ukame ndo mtaji wa mkulima wa zabibu, wenzetu wanapata mvua kama milimita 500 na kitu mpaka 600 kwa mwaka, inaanza Desemba inakata Aprili, baada ya hapo ni jua na upepo mkavu mpaka uchoke. Sisi Tabora tunacheza kwenye 900 kwenda 1000 na inaanza mapema zaidi. Sasa majani ya mzabibu yakikaa kwenye unyevu muda mrefu yanaingia magonjwa ya ukungu, kuna ubwiri vinyoya, halafu kuna mwenzake ubwiri unga, wakishakamata shamba utaona majani yanakauka na vichala vinaoza kabla havijaiva. Hata hukohuko Dodoma msimu wa mvua wakulima wanazunguka na bomba la dawa mgongoni, wewe wa Uyui utalivaa kama shati.

Hiyo ya mara 2 ni kweli kabisa hajakudanganya. Awamu moja inaangukia Februari mpaka Aprili hivi, nyingine Agosti na Septemba. Ulaya baridi ndo inaulaza mti kwa hiyo wanavuna mara moja, huku kwetu hakuna baridi ya hivyo, mkulima mwenyewe anauamsha mti kwa kupogoa, anakata matawi, yanachipua mapya yenye maua, na miezi kama 4 mbele anavuna. Ushauri wangu sasa, achana na awamu ya mvua, pogoa mvua ikishakata mwezi wa 5 ili tunda liive kiangazi, maana yake uwe na kisima cha uhakika na mipira ya matone, na hesabu zako za faida uzipige kwa mavuno mara 1, sio 2. Mchwa nao usiwasahau, Tabora nani asiyewajua, watakula nguzo za mbao na mizizi juu yake, kwa hiyo weka nguzo za zege au za chuma za kushikilia waya. Miche kaulizie TARI Makutupora, kile kituo cha utafiti cha serikali pale Dodoma, ndo kazi yao hiyo, usikate pingili kwa jamaa yako ukabeba na magonjwa yake humohumo.

Af kuna jambo sijaona umeliuliza: nani atanunua? Zabibu ya waini ikishakatwa haisubiri, inatakiwa kiwandani haraka, na viwanda viko Dodoma sio Uyui. Wakulima wadogo wa kulekule wenye kiwanda karibu bado wanalia na soko, matanki yakijaa mnunuzi anakwambia subiri, ndo maana wengine siku hizi wanakamua wenyewe wanauza mchuzi wa zabibu, yaani juisi yake, badala ya tunda. Mi ningekuwa wewe ningepanda robo eka ya zabibu za mezani, zile za kula, nikauza hapahapa mjini. Eka zote 2 kwa pigo moja hapana.

Swali: Mambo vipi. Nilikunywa waini nyekundu ya Dodoma kwenye harusi hapa Mwanga, kali mpaka ulimi ukakauka. Baadae kwa shemeji nikakuta nyingine, ya Dodoma vilevile, tamu kama juisi. Ipi ndo yenyewe? (Msomaji, Kigoma mjini)

Jibu: Zote ndo zenyewe, tatizo ni kwamba watu wengi tunanunua neno Dodoma kwenye chupa, jina la zabibu hatuliangalii. Dodoma ni mahali, kuna zabibu za kila namna pale.

Inayolimwa sana na wakulima wadogo ni Makutupora nyekundu, imechukua jina la eneo lenyewe la Makutupora, watu wanaila na wanaikamua pia, waini yake mara nyingi ni laini na ukikuta ya kwa shemeji yako ni tamu kuna uwezekano mkubwa ndo hiyo. Nyeupe ni Chenin Blanc, asili yake bonde la mto Loire kule Ufaransa lakini Afrika Kusini ndo wameilima kuliko mtu yeyote, hii ina uchachu mzuri, ukiipata ya baridi na mgebuka wa kuchoma wa ziwani hapo Kigoma utanikumbuka. Halafu Syrah, nayo ya Ufaransa, bonde la Rhône, nyeusi tii, na hiyo ndo naishuku kwa habari yako ya harusini.

Kwanini inakausha ulimi? Waini nyekundu inachachushwa pamoja na maganda na mbegu zake, rangi inatoka kwenye ganda na inatoka na kitu kinaitwa tanini, ndo hicho kinachokaza mdomo kama umetafuna ndizi mbichi. Nyeupe wanakamua wanatoa maganda kwanza, juisi peke yake ndo inachachuka, kwa hiyo haikukabi. Hiyo ya harusini sio kwamba imeharibika au wamezidisha kilevi. Na utamu nao ni stori nyingine kabisa: hamira inakula sukari inaigeuza kilevi, ikila yote waini inakuwa kavu, ikisimamishwa njiani inabaki tamu, kwa hiyo tamu inaweza ikawa na kilevi kidogo kuliko ile kavu iliyokukunja uso. Ila angalizo, kuna waini tamu zinazoongezewa spiriti, hizo zinapanda mpaka asilimia 15 na kuendelea, soma namba kwenye lebo kabla hujamkaribisha mkwe.

Kuna zabibu nyingine utakutana nazo mara chache, Teroldego, Marzemino, Aglianico. Ukishangaa zimefikaje Dodoma, kiwanda cha Cetawico kule Hombolo kilianzishwa na Waitaliano, na Teroldego na Marzemino ni zabibu za Trentino, kaskazini mwa Italia, Aglianico ni ya kusini. Kila mtu na mbegu ya kwao. Alko Vintages, kiwanda kingine cha waini, nao wako Dodoma, na ukipita njia ya Bihawana kuna waini ya misheni, mapadre ndo walioanzisha mambo haya ya mizabibu muda mrefu kabla ya viwanda. Kwangu mimi Aglianico ndo bora kuliko zote hizo, lakini sio ya kuanzia, mtu mgeni atasema amepewa dawa ya kienyeji.

Swali: Asalaam aleikum mwanangu. Sisi kwetu hatutumii kilevi, swali langu ni la zabibu ya kula. Mjukuu aliniletea na treni kutoka Dodoma, nikaziweka ndani siku kadhaa ziive, wapi, zikabaki chachu mpaka zikasinyaa. Na zina mbegu nyingi. (Bibi wa Ujiji)

Jibu: Waaleikum salaam, shikamoo bibi. Zabibu haiivi ikishakatwa. Embe utalifunika kwenye majani litaiva, ndizi hivyohivyo, zabibu hapana, sukari yake inaacha kuongezeka siku ilipotoka mtini, baada ya hapo inaoza tu. Muuzaji aliyekata mapema ili awahi treni amekupiga hapo. Mwambie mjukuu aonje kabla ya kulipa, na aangalie kikonyo, kikiwa kibichi ni mpya. Za mbegu nyingi, punje ndogo na ganda gumu mara nyingi ni za kukamulia, aulizie za mezani. Na hizo chachu zilizobaki usitupe bibi, zichemshe na sukari upate jemu.

Swali: Waini ya misa ni waini kweli au juisi? Tunabishana kwaya nzima. (Mwanakwaya, Kasulu)

Jibu: Kwa Wakatoliki ni waini kweli. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 924, inataka iwe ya asili, ya tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Ya ndizi au ya rosela haihesabiki hata iwe tamu vipi. Madhehebu mengine wanatumia juisi ya zabibu, kwa hiyo inategemea aliyeanzisha ubishi anasali wapi.

Swali: Nimepewa zawadi chupa 3, sina friji, zitakaa? (Urambo)

Jibu: Zikiwa hazijafunguliwa zitakaa, weka chini ya kitanda, mbali na jua na mbali na jiko. Yenye kizibo cha gome ilaze, ya kuzungusha simamisha tu. Ukishafungua bila friji usiipe zaidi ya siku 2, inaelekea kuwa siki, ambayo nayo kwenye kachumbari sio mbaya.