Kabla afisa ustawi hajagonga geti la kituo chako cha watoto

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuzunguka mitaani nikikagua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Sasa nimestaafu, lakini simu hazijakoma. Anapiga mama anayetaka kufungua dei kea sebuleni kwake, kesho anapiga mwenye kituo aliyepewa barua ya onyo, keshokutwa mzazi anayeuliza atajuaje kama anakompeleka mwanawe pana leseni. Nawaandikia wote, ila zaidi wenye vituo.

Usajili si hiari. Hapa Tanzania vituo hivi vilikuwa na sheria yake tangu 1981, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokuja iliifuta ile ya zamani na kuyabeba mambo ya vituo ndani yake, pamoja na kanuni zinazoeleza jengo, walezi na uendeshaji. Wewe huna haja ya kwenda Dodoma. Mlango wako ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Watakwambia uandae barua ya serikali ya mtaa, mkataba wa pango au hati ya nyumba, taarifa ya afisa afya, vyeti vya walezi, na mengine kadiri ya fomu ilivyo siku hiyo.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: nenda ofisini kabla hujalipa kodi ya nyumba. Wengi hufanya kinyume. Hulipa kodi ya miezi sita, hupaka rangi, huchora katuni ukutani, hununua bembea, hutangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, halafu ndipo huja kuomba ukaguzi. Afisa anafika anakuta nyumba nzuri yenye mlango mmoja na madirisha yote yana nondo. Hapo mazungumzo yanakuwa magumu, maana mtaji umeshaingia ukutani. Mwombe afisa akaione nyumba ingali tupu. Wengi wetu tulikwenda kwa furaha tulipoitwa hivyo, kwa sababu kumkatalia mtu nyumba tupu hakumwumizi mtoto yeyote.

Kuhusu milango sitachoka kusema. Tarehe 5 Juni 2009, katika mji wa Hermosillo huko Mexico, moto uliua watoto 49 kwenye kituo kilichoitwa Guardería ABC. Jengo lilikuwa ghala lililogeuzwa kituo. Moto haukuanza kituoni, ulianza kwenye ghala la jirani lililotumiwa na serikali ya jimbo. Watu walibomoa ukuta kwa gari ili kuwatoa watoto. Na kituo kile kilikuwa kimekaguliwa na kupitishwa siku chache tu kabla. Nimelitaja tukio hili kwenye semina nyingi za walezi, kwa sababu linaonyesha mambo mawili ambayo watu wetu huyasahau. Karatasi safi haifungui mlango. Na hatari inaweza kuwa upande wa pili wa ukuta.

Kwa hiyo zunguka nyumba yako. Jirani yako ni nani? Kuna fundi wa kuchomelea? Kuna duka linalopanga mitungi ya gesi dirishani? Kuna kijana anayeuza petroli kwenye chupa kwa ajili ya bodaboda? Mtaani kwetu majirani wa namna hiyo ni wa kawaida kabisa, na hata afisa anaweza kuwapita bila kuwaona akiwa na haraka ya kukagua vyoo. Kisha fanya jaribio ambalo niliwahimiza wote walifanye: mchana, watoto wakiwa wamelala, piga kengele na uone inachukua muda gani hadi wa mwisho afike uani. Mlezi mmoja anaweza kubeba wachanga wawili, basi. Ukiwa na wachanga wanane na walezi wawili, tayari umejua watakaobaki ndani. Mahesabu hayo yanakwambia uajiri nani au upunguze watoto wangapi hata kabla hujafungua kanuni.

Jambo la pili nililolitazama kwa muda mrefu ni geti saa ya jioni. Nilikuwa nachelewa kuondoka kwa makusudi. Kituo kimoja, kizuri kwa mambo mengine yote, nilimwona kijana wa bodaboda akija, akataja jina la mtoto, mlezi akamtoa mtoto na kumpakia. Nikamwuliza mlezi, “Dada, huyu ametumwa na nani?” Akanijibu, “Mama, namjua, huwa anapaki pale kona.” Tulimpigia mzazi. Alikuwa amemtuma bodaboda mwingine. Mtoto alifika nyumbani salama, na bado niliandika jambo lile juu kabisa ya ripoti, kabla ya vyoo na kabla ya jiko. Weka daftari la kupokea na kukabidhi: saa, nani amemleta, nani amemchukua, sahihi. Weka majina na picha za watu wasiozidi watatu walioruhusiwa na mzazi. Asiye kwenye orodha haondoki na mtoto mpaka mzazi athibitishe kwa simu, na simu hiyo unapiga wewe kwa namba uliyo nayo, hupokei inayopigwa na mchukuaji.

Jiko, maji, dawa na kadi za kliniki havina ugumu. Mpishi apimwe afya, tanki au pipa liwe na mfuniko unaofungwa, dawa ya mtoto iandikwe imetolewa saa ngapi na nani.

Sasa kuhusu kuficha. Kuna vituo ambavyo gari la halmashauri likionekana kona, watoto wanasukumwa chumba cha nyuma au kwa jirani ili idadi ionekane ndogo. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko kosa lolote. Mtoto wa miaka miwili aliyefichwa kwa jirani hayupo kwenye daftari la mtu yeyote kwa saa hiyo. Kituo kilichojaa kupita kiasi lakini kilichoniambia ukweli nilikipa muda kirekebishe. Kilichoficha sikukiamini tena, na kila ziara iliyofuata ilikuwa ya kushtukiza.

Nilipendekeza kufunga papo hapo kwa mambo machache: kisima au shimo wazi, mlango wa kutokea uliofungwa kwa kufuli, mtoto aliyeumizwa na mtu wa kituoni, mtu mzima asiyejulikana anayelala humo. Mengine yote nilitoa barua yenye tarehe ya kurudi. Wapo waliodhani mimi ni mlegevu. Lakini nimeona operesheni za kufunga vituo vingi kwa siku moja, na najua kesho yake kinachotokea. Mama muuza mbogamboga anatakiwa sokoni alfajiri vilevile. Mtoto anaachwa kwa jirani asiye na daftari, asiye na choo cha watoto, na ambaye hakuna ofisi inayomfahamu. Serikali ikifunga, iwe na jibu la watoto wale wataamkia wapi. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inatambua vituo vya kijamii vya malezi, na huko ndiko ningependa fedha na maafisa waelekezwe, maana kata nyingi hazina afisa ustawi hata mmoja wa kuzifuatilia barua tunazoandika.

Ukipewa barua ya onyo, usiende kumtafuta afisa kwa faragha. Jibu kwa maandishi, piga picha ulichorekebisha, omba ukaguzi wa marudio, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ada ya serikali inalipwa kwa kontro namba. Anayetaka fedha mkononi, awe na kitambulisho au hana, ripoti TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa 113, simu ni bure. Ukimpa mara moja, jengo lako halijawa salama zaidi na yeye atarudi.

Na wewe mzazi, omba kuona cheti cha usajili, kisha uende siku moja saa sita mchana bila kutoa taarifa. Kituo kinachokuzuia getini mpaka “wajiandae” kimeshakujibu. Ukiona au ukisikia mtoto anaumizwa, wa kwako au wa mwenzio, Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa hiyo aifikishe kwa serikali ya eneo lake. Unaweza pia kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, nayo ni bure. Eleza ulichokiona, lini na wapi. Huhitaji kuwa umekamilisha ushahidi, kuchunguza ni kazi ya ofisi.