Umeniuliza wapi ni bora

Mwanangu,

Mamako anakusalimu, na wadogo zako wote wazima. Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza pamoja baada ya Isha, mamako akasema nisikujibu upesi, ndiyo maana umesubiri. Umeuliza: "Baba, wewe umekaa kote kuwili. Wapi maisha ni bora, Dubai au Kenya? Niwalete mke wangu na watoto huku, au nifunge virago nirudi?"

Kama ni pesa, hesabu ni fupi. Mshahara wako wa bandarini haukatwi kodi ya mapato hata senti moja. VAT yao waliianza 2018 na ni asilimia 5. Yetu ni 16. Shemeji yako mwalimu kila mwisho wa mwezi huja na karatasi yake ya mshahara kunionyesha makato: kodi, asilimia 2.75 ya bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba ambazo hajui ziko wapi. Bandari ya Jebel Ali unayofanyia kazi ilifunguliwa 1979 na hailali. Hii bandari yetu ya Kililana, hapa Lamu, ilipokea meli ya kwanza Mei 2021, na mara nyingi nikipita na mashua huiona gati tupu, mlinzi ananipungia mkono. Hapo sina ubishi.

Ila usidhani walizaliwa hivyo. Babu yako alikuwa baharia wa majahazi yaliyokuja na kaskazi yakileta tende na mazulia, na kusi ikianza yanarudi Ghuba na boriti za mikoko ya hapa Lamu. Nyumba zao waliziezeka kwa miti yetu. Mafuta ya Dubai yaligunduliwa 1966, na mimi nilipofika Deira, mtaa wa Dubai, miaka ya themanini, mtoto wa mpeleka boriti alikwenda kubeba makatoni ya vipuri. Babu yako hilo lilimchekesha mpaka kufa kwake. Mimi halikunichekesha sana.

Na nikiulizwa habari za Dubai, mimi huikumbuka droo. Unaijua nusu tu, kwa kuwa mamako hapendi niisimulie.

Mshahara ulikuwa umechelewa, mwezi wa tatu sasa. Tulikuwa Waamu, Wahindi wa Malabari na Mbalochi mmoja mtu mzima ambaye ndiye aliyetushawishi. Tukaingia ofisini kwa tajiri pamoja, tumevaa mashati safi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alitukaribisha, akamwita kijana atuletee chai ya maziwa, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta droo, akatoa pasipoti zetu zote zimefungwa kwa mpira mmoja, akaziweka mezani taratibu kando ya birika. Akauliza: "Nani anataka yake?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Yule Mbalochi aliyetuleta alikuwa anaangalia zulia. Tulimaliza chai, tukashukuru, tukarudi kwenye makatoni. Pesa alilipa baadaye, zote, sitaki kumsingizia. Lakini ile chai, mwanangu! Tulishukuru kwa chai.

Tangu hapo nimekuwa na neno langu, na nyinyi mmelisikia mpaka mmechoka: kwenu ni pale unapoweza kusema hapana, na kesho ukaamka bado uko pale pale.

Sasa utaniambia mambo yamebadilika, na kweli yamebadilika. Sheria yao inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mtu, yako iko chini ya godoro lako, umeniambia. Tangu 15 Juni hadi 15 Septemba hawaruhusu mtu kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa, na sisi hapa hakuna anayemhurumia mchukuzi wa Mokowe kwa jua. Nakubali. Lakini viza yako bado inategemea kazi yako. Mkigoma ni kosa. Na watu karibu tisa katika kila kumi walioko nchi hiyo ni wageni kama wewe. Mwanao akizaliwa huko, akasoma huko, akaota ndevu huko, bado atahesabiwa mgeni. Hilo kalifikirie kabla hujamkatia mkeo tiketi.

Hapa nikukumbushe mamako na maikrofoni. Ulikuwa umeshasafiri, lakini video uliiona. Wakati ule walitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu, Kwasasi, megawati 1,050, wakaja na picha ukutani na maji ya chupa. Tukaambiwa maswali machache kwa kuwa muda ni mdogo. Mamako akasimama na buibui lake, akauliza: kaskazi ikivuma, majivu yataelekea wapi? Mtaalamu akaanza kueleza urefu wa bomba la moshi. Mamako akasema, "Sikuuliza bomba. Nimeuliza kaskazi." Yule bwana akapekua karatasi zake, akapekua tena, na ukumbi mzima kimya unamngoja. Mwenye maikrofoni alipomwendea aichukue, mamako akaikumbatia! Mpaka leo vijana wakipita barazani humwambia, "Bi mkubwa, kaskazi hiyo."

Tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni, ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na kina mama wa buibui! Nionyeshe pahala Ghuba nzima ambapo hilo lingewezekana.

Mamako amesoma mpaka hapa, akasema, "Mwambie na mengine." Haya.

Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, tuliwekewa kafyu, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Marufuku hiyo ya uvuvi haikuwa wiki wala mwezi, ilikuwa miaka. Na unajua sisi samaki wetu tunamfuata usiku. Nyavu zilining'inia uani mpaka panya wakazitoboa. Nilikuwa na katiba ya 2010 yenye haki zote, na magharibi ikiingia niko ndani kama kuku. Nilisema hapana, na kesho nikaamka niko pale pale, kweli, lakini bila kitoweo. Aliyetulisha miaka ile ni wewe, kwa dirhamu za nchi ninayoikosoa. Na vijana walioandamana Juni 2024 kuupinga mswada wa fedha, Rais alikataa kuutia saini, wakashinda, lakini wapo waliopigwa risasi na kuzikwa. Kwa hiyo hapana ya hapa nayo ina bei, na wanaoilipa ni watoto wa rika lako. Dubai mkeo atatoka saa nane za usiku kununua dawa, arudi salama. Hapa nitamwambia angoje kupambazuke.

Unaona ninavyojipinga mwenyewe. Nikisema rudi, ada ya mdogo wako itatoka wapi? Nikisema kaa, naiona ile droo. Mamako amenikataza kukukatia shauri, anasema shauri ni lako na mkeo, na mkeo hujaniambia anasemaje. Muulize yeye kwanza, tena umuulize bila ya mimi kutajwa.

Ungeniuliza kama nataka urudi, hilo ningelijibu kwa neno moja na barua ingekuwa fupi. Lakini hukuniuliza hilo.

Ni mimi, babako.