Resho ya wati 1000 inapika kama ya 500, kwa nini?

Swali: Jambo papa. Niko na malewa (mkahawa) kidogo huku Kadutu, nilinunua resho (jiko la umeme) mupya, imeandikwa 220 V, 1000 W, lakini maharagwe inakawia sana kuiva na mangaribi ndio mubaya zaidi. Niliirudisha kwa muuzaji, akaiwasha pale kwake ikawa nyekundu mara moja, akasema resho ni nzima. Moto (umeme) tunachukua kwa jirani, waya ya mita 80 hivi, tuko nyumba 4 juu ya waya moja. Mutoto wangu anasoma elektrisite, alipima mangaribi: kwa jirani 210 V, kwetu 165 V, na ndani ya waya kunapita 16 A. Hizi namba zinasema nini? Niongeze resho ya pili? *Mama wa malewa, Bukavu*

Jibu: Jambo mama. Kwanza mpe mutoto hongera, juu alipima mahali pawili na saa ile nyumba zote zimewasha, bila hiyo tungebahatisha tu. Na resho ya pili usinunue.

Nguvu ni volti mara amperi. Resho ya wati 1000 kwa volti 220 inavuta 1000 gawa kwa 220, yaani amperi 4.55. Rezistansi ni volti gawa kwa amperi, 220 kwa 4.55, unapata omu 48 na kidogo. Hiyo omu 48 ni ya resho yenyewe, ule waya uliojizungusha kama springi, haibadiliki sana hata ikiwa nyekundu, kinachobadilika ni volti zinazoifikia. Kwako ni 165, gawa kwa 48 unapata amperi 3.4, na 165 mara 3.4 ni kama wati 560. Umeona? Volti zimepungua robo tu lakini moto wa kupikia umepungua karibu nusu, juu volti zikishuka amperi nazo zinashuka pamoja nazo, unapoteza huku na huku. Sufuria ya lita 3 za maji ya baridi, ambayo kwa wati 1000 ingechemka kwa dakika 16 (sihesabu joto linalotoka hewani), kwako inataka 28, na maharagwe hapo hata hayajaanza kuiva.

Sasa waya, hapa ndipo roho inaniuma. Volti 210 zimetoka kwa jirani, 165 zimefika, 45 zimebaki njiani. 45 gawa kwa amperi 16 ni omu 2.8, ndiyo rezistansi ya waya yenu. Na 45 mara 16 ni wati 720! Resho yako inapata 560, waya inakula 720, inapasha hewa juu ya mabati ya watu, na kontere (mita ya umeme) ya jirani inahesabu zote, nyote 4 mnalipa. Saa 4 za mangaribi ni karibu kilowati-saa 3 kila siku ambazo hazijaivisha hata sahani moja.

Kama waya ni ya shaba ya milimita mraba 1.5, kwenda na kurudi ni mita 160, ingekuwa na omu 1.9 tu. Ile 0.9 inayozidi iko kwenye maungio, pale waya zilisokotwa kwa mkono na kufungwa sukochi (utepe wa plastiki). Amperi 16 zikipita hapo ni 16 mara 16 mara 0.9, wati 230 zinazokusanyika kwenye vipande vidogo vidogo, na ndivyo nyumba za mbao zinavyoshika moto. Mwambie jirani akate dijonkteri (swichi kuu) kabisa, mutoto ahakikishe na mita kwamba hakuna volti, ndipo mfungue sukochi zote: ile iliyokuwa nyeusi au inanuka plastiki iliyoungua, ikatwe leo, iungwe upya kwa domino (kiungio cha skrubu) iliyokazwa vizuri. Msingoje wikendi.

Halafu changeni nyumba 4 mnunue waya ya shaba ya milimita mraba 4, kipande kimoja bila maungio. Rezistansi itashuka mpaka omu 0.7, kwako zitafika kama volti 197 na resho itatoa karibu wati 800. Ukiweka resho ya pili juu ya waya ya sasa, nimepiga hesabu: volti zinashuka mpaka 158, kila resho inabaki na wati 515, na waya inakula karibu 970.

Mutoto akipima tena, mita ya koleo (ile inayouma waya kwa nje kupima amperi) iume waya moja tu. Akiuma zote mbili pamoja itaonyesha sifuri na atafikiri umeme umekatika.

Swali: Ampuli (balbu) ya zamani ya 60 W, 220 V, kwa hesabu napata omu 807, lakini mita inanionyesha chini ya 100. Nimekosea wapi? *Mwanafunzi, Ibanda*

Jibu: Hujakosea. Umeipima ikiwa baridi. Uzi wake wa tungsteni ukiwaka unafika digrii zaidi ya 2000, na rezistansi inapanda zaidi ya mara 10. Omu 807 ni ya ampuli inayowaka, na hiyo huwezi kuipima kwa kipimo cha omu, utaharibu mita. Pima volti na amperi ikiwa inawaka, halafu ugawe.