Manjano na shimio: ni kweli yanafunga vimeng'enya, na ndiyo maana naogopa

Jambo dada. Umeuliza kama ni kweli kwamba manjano yakichanganywa na pilipili manga "yanafunga vimeng'enya" (vitu vya mwilini vinavyogeuza dawa na vyakula) vinavyofanya saratani isisikie dawa, kwa kuwa mama yako ameanza shimio, yaani tiba ya dawa za saratani, ya titi na mtu amekuletea unga huo. Wengi hapa wamekujibu kwamba ni uongo wa wauza miti ya dawa. Mimi nasema si uongo. Kuna ukweli ndani yake, na kwa sababu ya ukweli huo nakuomba usimpe mama kwanza. Univumilie, jibu ni refu.

Nauza dawa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, duka letu liko juu kidogo ya soko la Kadutu, sasa ni mwaka wa 9. Mama yangu mkubwa aliugua saratani ya titi akapewa dawa ambazo pengine ndizo za mama yako: ile nyekundu, doksorubisini, pamoja na siklofosfamidi. Usiku wa kwanza alikojoa kwenye beseni, akaona mkojo mwekundu kama juisi ya matunda damu, akaniita akilia kwamba anakwisha. Nikamtuliza: ni rangi ya dawa inatoka tu. Nilijiona mjuzi siku ile.

Baada ya mzunguko wa pili, mama mmoja wa kanisani kwake akamletea bidoni, yaani dumu, ya lita 5 yenye dawa ya miti. Nilionja. Tangawizi, pilipili manga inayokwaruza koo, maganda ya mti machungu, na chini tope zito la manjano. Kikombe cha plastiki alichokuwa akinywea kiligeuka njano na hadi leo hakijatakata. Aliyeileta alitoa kwa upendo, hakuomba hata faranga. Nami nilikuwa nimesoma habari za kurkumini, kiini kinachoyapa manjano rangi, nikanyamaza.

Nilichokuwa nimesoma ni hiki. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachoitwa kabonili riduktasi 1. Kikikutana na doksorubisini kinaigeuza kuwa doksorubisinoli, ambayo kwa uvimbe ni dhaifu, na kwa moyo inahusishwa na madhara. Seli ya saratani yenye kimeng'enya hicho kwa wingi inaivunja dawa nguvu kabla haijafanya kazi. Sasa kurkumini, ile rangi ya manjano, hukishika kimeng'enya hicho kwa nguvu sana kwenye vyombo vya maabara. Viini vingine vya mimea, vile vya jamii ya flavonoidi vilivyomo kwenye vitunguu na majani tunayokula, navyo hukizuia. Ukisoma hivyo unaona tumaini mara mbili: dawa ibaki na makali, na moyo upone. Watafiti wana haki ya kuhangaika na jambo hili.

Lakini chombo cha maabara hakina ini. Kurkumini ikimezwa, utumbo na ini huifunga haraka na kuitoa, kwenye damu hufika kidogo mno. Ndiyo maana wanaongeza pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba gramu 2 za kurkumini zikimezwa na miligramu 20 za piperini, ule ukali wa pilipili manga, kurkumini inayofikia damu ya mtu huongezeka mara 20. Inawezekanaje? Piperini inazuia vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyosafisha mwili. Na haichagui. Maabara imeonyesha kwamba inazuia pia kimeng'enya kiitwacho saitokromu 3A4, kinachovunja sehemu kubwa ya dawa tunazouza, na ile pampu iitwayo glaikoprotini P.

Hapa naomba tukae kidogo. Pampu hiyo iligunduliwa Kanada mwaka 1976 kwenye seli zilizokuwa zimeshindikana kwa dawa: dawa ikiingia, pampu inaitupa nje. Ni sababu mojawapo kubwa ya usugu. Ila pampu hiyohiyo imewekwa kwenye mishipa inayolinda ubongo, kwenye ini, kwenye utumbo, na kwenye seli mama za uboho zinazozaa damu. Ukiifunga kwa uvimbe umeifunga na kwa mwenye mwili. Ndicho kilichowakuta madaktari walipojaribu dawa za kuizuia: dozi ya shimio ilibidi ipunguzwe kwa sababu ilijaa kwenye damu.

Watu wa Kivu tuna mfano wetu. Kwinini inayotoka kwenye maganda ya kinkina, miti iliyopandwa huku tangu wakati wa Wabelgiji na kusindikwa hapa Bukavu na kiwanda cha Pharmakina, nayo huzuia pampu hiyo. Wafaransa waliijaribu kwa wagonjwa wa saratani ya damu, wakiitia pamoja na shimio. Matokeo ya mwaka 2003: wale ambao pampu ilikuwa ikifanya kazi kwenye seli zao walipata nafuu ya kwanza kwa wingi zaidi, lakini kwa jumla watu hawakuishi muda mrefu zaidi. Na hiyo ilikuwa kwinini safi, dozi imepimwa, daktari amesimama pembeni. Bidoni yetu nani aliipima?

Kuna jingine ambalo lingenizuia kama ningelijua wakati ule. Siklofosfamidi, mwenzake yule mwekundu, ikiingia mwilini bado imelala. Vimeng'enya vya ini ndivyo vinavyoiamsha. Kwa hiyo kwenye dripu moja una dawa ambayo vimeng'enya vinaidhoofisha na nyingine inayovitegemea. Na mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwalisha panya wenye uvimbe wa titi kurkumini wakawapa siklofosfamidi: uvimbe wao haukupungua sana kama wa panya wasiolishwa kurkumini.

Mama mkubwa alikunywa siku 12. Mdomo ukajaa vidonda, hata uji wa mtama ulimchoma. Tulipofika kwa mzunguko wa tatu chembe nyeupe za damu zilikuwa 900, chache mno, wakaturudisha nyumbani, ikaahirishwa wiki 2. Shimio peke yake inaweza kufanya hivyo, najua. Kinachoniuma ni kwamba muuguzi alituuliza kwa upole, "Mama anakunywa nini nyumbani?" Mama mkubwa akaniangalia. Nikajibu mimi, mtu wa dawa: "Chai tu." Daktari akabaki anatafuta sababu akiwa hana habari ya bidoni. Nilirudi kesho yake peke yangu nikamwambia. Hakunigombeza. Aliandika kwenye faili, akasema bidoni isimame hadi matibabu yaishe, akaomba kumpima moyo tena.

Manjano ya mchuzi, kijiko kidogo kwenye sufuria ya familia nzima, siyo ninayoyaogopa. Naogopa unga wa vijiko kila siku, vidonge vya kurkumini vilivyoandikwa piperini, na balungi, ambalo huku tunaita pamplemusi: juisi yake huzima ile 3A4 ya utumbo kwa siku nzima au zaidi. Na chai ya artemisia tunayokunywa kwa malaria nayo iseme kwa daktari, maana artemisinini hufanya kinyume, huamsha vimeng'enya vya ini.

Dada, usimwage huo unga, na usigombane na aliyeuleta. Utie kwenye mfuko na uende nao siku ya mzunguko, na kama ndani kuna mti unaoujua kwa Kimashi tu, sema hilohilo jina la Kimashi. Kama mama ameshauonja, mwambie daktari ameanza lini na anakunywa kiasi gani. Halafu niandikie hapa majina ya dawa yaliyo kwenye kadi yake, nitakaa usiku huu nikuangalizie moja moja.