Kabla hujaitoa, mpe muuza samaki

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza mashine ndogo ya kupokea malipo na kutoa risiti. Ofisini haikuwa na neno. Tuliibonyeza wiki tatu, tukaiangusha sakafuni makusudi, bosi akaanza kuulizia tarehe ya uzinduzi. Msimamizi wa majaribio nilikuwa mimi, na niliyesaini kwamba iko tayari ni mimi huyohuyo.

Siku mbili kabla tukapeleka mashine tano soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kusema kweli kwa ajili ya picha za tangazo tu. Mama mmoja muuza vibua akaipokea kwa mkono uliotoka kwenye ndoo. Akagusa 5, ikaandika 58. Akafuta, zikajitokeza sifuri tatu zenyewe. Akaipangusa kwa khanga, ikatulia kidogo, tone likadondoka tena. Akanirudishia: "Chukua mwanangu, hii ni ya watu wa maofisini."

Kioo cha kugusa huhisi chaji ya umeme inavyobadilika kidole kinapokifikia, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri tu, kwa hiyo kila tone kwake ni kidole. Hilo tulilijua wote. Ila kwenye kile chumba chenye kiyoyozi hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye mkono uliolowa. Uzinduzi ukaahirishwa, na mashine iliyotoka baadaye ilikuwa na vitufe vya mpira.

Tangu hapo, kabla sijagusa kifaa naandika kwanza nani atakishika, wapi, saa ngapi. Na aliyekitengeneza simwachii akijaribu peke yake. Anajua pa kubonyeza. Vidole vyake vinaruka shimo bila mwenyewe kujua.

Kwenye programu nina vijimtego vyangu. Jina la kwanza ninalosajili huwa Ng'wandu. Ile alama ya king'ong'o, kwenye hifadhidata nyingi, ndiyo inayoonyesha kwamba maandishi yameishia hapo, hivyo programu iliyoandikwa ovyo inakwama hapohapo. Nashangaa jinsi mtego huu unavyoendelea kunasa, hata kwa programu zilizoandikwa hapahapa na watu wenye shangazi Ng'wandu. Kisha nafanya mauzo saa nane usiku. Seva nyingi huhesabu saa za UTC, yaani saa za pamoja za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku huangukia ripoti ya jana. Muuza chipsi wa usiku hatakuelewa kabisa.

Umeme nauchomoa katikati ya kusasisha. Mtandao naukata mara tu baada ya kubonyeza "Lipa", nabonyeza tena, halafu naangalia salio. Likikatwa mara mbili, hakuna cha kujadili, bidhaa haitoki. Rangi ya kitufe isiyokaa sawa inaweza kungoja.

Kilichokwisha kufanya kazi kwingine nacho kisikudanganye. Roketi ya Ariane 5 ililipuka Juni 4, 1996, sekunde kama 40 tu baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ya uongozaji ilitoka kwa Ariane 4, ambako haikuwa imeleta shida. Roketi mpya ilishika kasi kubwa zaidi ya kwenda upande, namba ikazidi nafasi iliyotengewa, na programu ile haikuwa imejaribiwa kwa mwendo halisi wa roketi hiyo. Nikiambiwa "hii tumeitoa kwenye mfumo wa zamani, usihangaike nayo," hapo ndipo ninapoanzia.

Siku hizi sisaini "iko tayari". Naandika tulichojaribu, na chini yake kichwa kingine: "Hatujajaribu". Mara ya mwisho palikuwa na mistari minne: vumbi la Dodoma, simu yenye kioo kilichopasuka, laini mbili za mitandao tofauti, mvua. Bosi akasoma, akaguna, akatoa nauli ya Dodoma.