Maswali ya Wasomaji: Kugombea Kiti Kilekile Mara ya Tatu

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: mtu kugombea kiti kilekile cha bunge la jimbo tena na tena huko Marekani. Anayetajwa zaidi ni Shelly Simonds wa chama cha Democratic, mkazi wa Newport News, jimbo la Virginia. Alikuwa mjumbe wa bodi ya shule ya mji huo alipogombea eneo la 94 la Baraza la Wajumbe, yaani ukumbi wa chini wa bunge la jimbo hilo, mwaka 2015, akaangushwa na David Yancey wa chama cha Republican. Alirudi 2017 wakatoka sare. Akarudi tena 2019, na safari hiyo kiti kikawa chake.

Nimesikia kwamba mshindi wa 2017 alipatikana kwa kuokota jina kwenye bakuli. Inawezekanaje katika nchi yenye mahakama na kompyuta? – Msomaji, Morogoro

Ndivyo ilivyokuwa, ndugu yetu, na sheria yenyewe ndiyo iliyoagiza hivyo. Hesabu ya kwanza ilimpa Yancey ushindi wa kura 10. Sheria ya Virginia inamruhusu aliyeshindwa kuomba kura zihesabiwe upya ikiwa tofauti haizidi asilimia 1, na ikiwa haizidi nusu ya asilimia 1 gharama hazimwangukii yeye. Kura 10 katika kura kama elfu ishirini na tatu na ushei ziko chini kabisa ya hapo, kwa hiyo Simonds aliomba.

Desemba 19, 2017 hesabu mpya ikamweka mbele kwa kura moja: 11,608 kwa 11,607. Watu wakampongeza. Kesho yake jopo la majaji watatu likapokea malalamiko ya msimamizi mmoja wa upande wa Republican kuhusu karatasi moja iliyokuwa imewekwa kando. Mpigakura alikuwa amejaza kiduara cha Simonds na cha Yancey pia, kisha akapitisha mstari kwenye cha Simonds. Majaji walitazama karatasi nzima. Waliona kwamba katika nafasi nyingine mtu huyo alikuwa amechagua Warepublican, na kwamba hata kwa mgombea ugavana wa chama hicho alikuwa ameongeza alama juu ya kiduara alichokwisha kukijaza. Wakaamua kwamba mstari ule ulikuwa wa kufuta, na kura ni ya Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608.

Kura zikilingana, sheria ya Virginia inasema mshindi apatikane kwa bahati nasibu. Januari 4, 2018 Bodi ya Uchaguzi ya jimbo ilikutana Richmond. Kila jina liliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikatiwa ndani ya kikopo cha filamu ya kamera, na vikopo viwili vikawekwa kwenye bakuli la kauri lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho ya sanaa. Mwenyekiti wa bodi, James Alcorn, akatoa kimoja. Kilikuwa na jina la Yancey.

Uzito wa jambo hilo unaonekana ukitazama hesabu ya ukumbi. Baraza la Wajumbe lina viti 100. Kabla ya uchaguzi huo Democrats walikuwa na viti 34. Baada yake walikuwa na 49. Jina la Simonds lingetoka, pande mbili zingekuwa 50 kwa 50 na zingelazimika kugawana uongozi na kamati. Lilipotoka la Yancey, Republican wakabaki na 51.

Simonds bado alikuwa na mlango mmoja, maana sheria inamruhusu aliyeshindwa kwa bahati nasibu kuomba hesabu nyingine. Hakuutumia. Alikubali matokeo Januari 10, siku ambayo bunge lilifunguliwa. Kwa maoni yetu uamuzi huo ulimsaidia kuliko kesi ambayo ingeweza kwenda miezi. Aliondoka na jina safi, tena na eneo zima likijua kwamba alikosa kiti kwa kupungukiwa kura moja tu.

Karatasi ile ya kura inanisumbua. Mpigakura angefanya nini kura yake isiharibike? – Mama Neema, Charlottesville

Angeirudisha karatasi, dada yetu. Virginia inatumia karatasi za kura zinazosomwa na mashine. Ukikosea kiduara, usifute, usikate mstari, usiandike maelezo pembeni. Nenda kwa msimamizi, mwambie umekosea, mpe karatasi hiyo, naye ataihesabu kuwa imeharibika na kukupa mpya. Ni haki yako na hakuna atakayekukasirikia. Mashine ikikuta viduara viwili vimejazwa katika nafasi inayotaka mtu mmoja, nafasi hiyo haihesabiwi kwa yeyote. Mara nyingi mashine hukutahadharisha palepale, na wengi hubonyeza ikubali tu kwa sababu foleni ni ndefu. Usifanye hivyo.

Waliotuandikia kwamba majaji "waliiba" ushindi tunawaomba wasome tena mazingira yale. Virginia ina mwongozo wa kuhesabu kwa mkono unaoonyesha kwa picha alama za kila aina, na lengo lake ni kutambua nia ya mpigakura. Unaweza kubishana kama karatasi ile ilionyesha nia wazi, na sisi tunadhani shaka ilibaki. Hata hivyo kuitafuta nia hiyo ndiyo kazi waliyopewa.

Simonds alibadilisha nini kati ya 2015 na 2019? Au ni subira tu? – K.O., Kisumu

Subira peke yake haijawahi kumpa mtu kiti. Mambo matatu yalibadilika, na moja tu lilikuwa mikononi mwake.

La kwanza ni mwaka. Virginia huchagua wajumbe wake kila baada ya miaka miwili, Novemba, katika miaka ya witiri. Mwaka 2015 hapakuwa na kinyang'anyiro cha ugavana wala cha urais, na wapigakura waliojitokeza walikuwa wachache. Yancey alishinda kwa takriban asilimia 57. Mwaka 2017 ugavana ulikuwemo, na Donald Trump alikuwa na miezi kumi Ikulu. Wapigakura wa Democrats walifurika. Mgombea yuleyule, eneo lilelile, na pengo la asilimia kama 15 likayeyuka hadi sifuri. Ukimwona mtu kashindwa vibaya mara ya kwanza, uliza kwanza ulikuwa mwaka gani.

La pili ni mipaka. Kesi ya shirikisho ilikuwa imedai kwamba maeneo kadhaa ya Baraza yalichorwa kwa kuwarundika wapigakura weusi mahali pachache. Mwaka 2018 mahakama iliona maeneo 11 yalikiuka katiba, na mapema 2019 ikapitisha ramani mpya. Baraza lilikata rufaa, lakini Juni 17, 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema Baraza peke yake halina haki ya kisheria ya kuleta rufaa hiyo. Eneo la 94 halikuwa miongoni mwa yale 11, ila ukinyoosha mpaka wa jirani na wako unasogea. Eneo jipya lilikuwa na wafuasi wengi zaidi wa Democrats, na Novemba 2019 Simonds alishinda kwa zaidi ya asilimia 55. Chama chake kilipata viti 55 kati ya 100.

La tatu, lililokuwa lake, ni kutoondoka uwanjani. Hapa ndipo wengi wanaorudia huharibu. Uchaguzi ukiisha wanafunga ofisi, wafanyakazi wa kujitolea wanatawanyika, na daftari la nani alifunguliwa mlango, nani aliahidi kura, nani alitaka kupelekwa kituoni linabaki kwenye simu ya kijana aliyehamia mji mwingine. Miaka miwili baadaye wanaanza upya. Anayeshindwa leo na anataka kurudi afanye haya ndani ya wiki mbili: akusanye orodha zote mahali pamoja, aandike kituo kwa kituo alipata kura ngapi na mgombea ugavana au urais wa chama chake alipata ngapi, na awapigie waliomchangia kuwashukuru. Ile hesabu ya pili, ya kura za mgombea wa juu wa chama, ndiyo yenye siri. Kituo ambacho mgombea wa juu wa chama alipata kura 600 na wewe ukapata 520, watu 80 hawakufika chini ya karatasi, lilipo jina lako, au walimchagua mpinzani wako. Hao wanafikika kwa kugonga mlango. Kituo ambacho nyote wawili mlipata 90, acha.

Mimi ni Mkongomani, nimepata uraia wa Marekani, naishi Harrisonburg. Nikitaka kugombea Baraza la Wajumbe nianzie wapi? – Ndugu B.

Hongera kwa uraia. Katiba ya Virginia inataka uwe na miaka 21 siku ya uchaguzi, uwe mkazi wa eneo unalogombea, na uwe na sifa ya kupiga kura ya bunge hilo. Kuzaliwa nje si kizuizi. Sharti la kuzaliwa Marekani ni la urais.

Kisha zinakuja saini za wadhamini: 125 za wapigakura wenye sifa wa eneo lako. Ukipitia kura ya mchujo, ambayo chama humchagulia mgombea wake, unalipa pia ada ya asilimia 2 ya mshahara wa mwaka wa kiti hicho. Kwa mshahara wa dola 17,640, uliokuwepo katika chaguzi tulizozitaja, hiyo ni dola 352 na senti 80. Kuna pia tamko la kugombea, cheti cha sifa, taarifa ya mali na maslahi, na usajili wa kamati ya kampeni kabla pesa hazijaanza kuzunguka. Mgombea binafsi hupeleka fomu zake kabla ya saa 1 jioni, Jumanne ya tatu ya Juni.

Saini ndizo zinazowaangusha wageni, tena kwa makosa madogo. Mtu anasaini akiwa sokoni kumbe anaishi ng'ambo ya mpaka wa eneo. Mwingine alihama na hakubadilisha anwani kwenye daftari. Mkusanyaji anajaza ukurasa mzima halafu anasahau kuapa mbele ya notari (ofisa anayethibitisha viapo na saini), na ukurasa wote unatupwa. Fomu ina pande mbili: ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi ileile. Usikusanye 125; kusanya 250, na kila jioni linganisha majina na daftari la wapigakura badala ya kungoja siku ya mwisho.

Jambo jingine: ukishindwa kwenye mchujo, huwezi kurudi kama mgombea binafsi wa kiti hicho Novemba ileile. Lakini mchujo wenyewe uko wazi, kwa sababu Virginia haisajili wapigakura kwa vyama. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu ambaye jamii yake haijajiunga na chama chochote.

Mtu akishinda baada ya kurudia, si ndiyo basi, kiti ni chake? – Msomaji, Mombasa

Hapana. Tazama Joshua Cole, wa eneo la Fredericksburg na Stafford, Virginia hiyohiyo. Mwaka 2017 alishindwa kwa kura 73, katika uchaguzi ambao wapigakura 147 walipewa karatasi za eneo lisilo lao. Mahakama haikuagiza uchaguzi mpya. Alishinda 2019, akapokonywa 2021, akashinda tena 2023 katika eneo lenye mipaka mipya. Simonds ametetea kiti chake tangu 2019, na kwenye ramani ya sasa eneo lake linaitwa la 70.

Nina green card (kibali cha ukazi wa kudumu), sijawa raia. Naruhusiwa kumsaidia mgombea? – Dada Z., Roanoke

Unaruhusiwa kwa mengi. Unaweza kugonga milango, kupiga simu, kutafsiri vipeperushi kwa Kiswahili, na hata kuchangia pesa, kwa kuwa sheria ya shirikisho inawahesabu wenye ukazi wa kudumu tofauti na wageni wengine. Asiye na green card wala uraia asichange hata senti, ila anaweza kujitolea bila malipo.

Usijiandikishe kupiga kura na usipige. Mara nyingine karani wa leseni za udereva hukuuliza kwa mazoea kama unataka kuandikishwa. Jibu hapana, na usome unachotia saini. Kupiga kura bila uraia kunaweza kukufukuzisha nchini na kuua ombi lako la uraia, hata kama ulidhani unaruhusiwa.

Na kama ndani ya nyumba yako yupo aliye raia, mwombe ahakiki eneo lake kwenye tovuti ya Idara ya Uchaguzi ya Virginia, alinganishe na ramani ya mtaa wake. Mwaka 2018 gazeti la Washington Post lilionyesha kwamba wapigakura 26 wa Newport News waliopaswa kupiga kura eneo la 94 waliwekwa eneo la jirani mwaka 2017, katika kinyang'anyiro kilichoisha kwa sare. Akikuta kosa, apige simu kwa msajili wa mji wake mapema na aombe jibu kwa maandishi.